Uzito Mkavu

Kwenye fremu ya mlango wa dereva, pale ambapo
kwa miaka sita nimepangusa vumbi bila kusoma,
kuna kibandiko cha manjano:
watu na mizigo, jumla isizidi
ratili elfu moja mia nne na kumi na tano.

Wanaiita pikapu ya nusu tani. Jina tu hilo.
Hata mjomba wangu waliyemwita Mdogo
alikuwa akiinama kupita mlangoni.

Muuzaji wa Lewiston alituonyesha nyumba ya kubeba mgongoni:
jiko la mafiga matatu, bafu, choo,
dirisha la darini la kuhesabia nyota.
"Nyepesi hii," akasema, akiipiga kofi
kama ng'ombe wa mnada.
Delmar akavua buti, akajilaza kitandani, akafumba macho.
Nikajua nimeshaachwa. Mwenzangu yuko ziwani.

Nikauliza: ratili ngapi?
"Elfu moja mia moja na themanini. Uzito mkavu."
Mkavu.
Yaani bila maji, bila gesi, bila betri,
bila godoro, bila sufuria, bila sisi.
Nani husafiri mkavu?
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
hasa mwenzio akiwa ndiye mnunuzi.

Nimetengeneza mabasi ya shule miaka thelathini na moja.
Najua springi inavyolala kama mgongo wa punda aliyekata tamaa,
taa za mbele zikimulika matawi badala ya barabara.
Najua harufu ya breki kwenye mteremko wa White Bird,
harufu ya kitu kinachoomba msamaha
kikiwa kimechelewa.

Jumamosi tukaenda kwenye mizani ya ghala la ngano.
Mara ya kwanza tukiwa ndani, sisi wawili na mbwa, tangi limejaa.
Mara ya pili tukiwa nje, tumesimama upepeni
kama magunia yasiyo na mwenyewe.
Bi Ardith akapaza sauti kupitia kidirisha:
"Tofauti, mia nne na sitini!"
Wakulima wawili kwenye foleni wakatazama buti zao.
Delmar, ambaye tangu anioe hajanitajia uzito wake,
akamkazia mbwa macho
kana kwamba mbwa ndiye aliyemaliza mikate ya mdalasini.

Zikabaki mia tisa hamsini na tano.

Kule Kamiah yuko Wendell Oatman.
Huunda vibanda vya alumini kwenye zizi lisilo na farasi.
Kuta za turubai, paa la kuinua kwa mikono miwili.
Bafu hakuna. Choo: una ndoo, una msitu.
Akakipima mbele yetu kikiwa kimelowa mvua ya asubuhi:
mia sita na ishirini.
Delmar akapapasa turubai, kimya.
"Na nyota?" akauliza mwishowe.
Wendell akafungua zipu.

Nyumbani nikakaa na penseli.
Galoni kumi za maji, ratili themanini na tatu.
Betri, hamsini. Mtungi wa gesi, thelathini na tano.
Haba na haba hujaza kibaba,
na kibaba huvunja ekseli.
Kikaango cha chuma cha mama mkwe, ratili nane:
hicho kinakwenda, nilisema mimi mwenyewe,
mimi niliyegombana naye miaka ishirini.
Kodiani, Delmar aliirudisha chini ya ngazi
bila kuambiwa.

Usiku wa kwanza tulilala uani petu;
theluji ilikuwa bado imeziba njia ya Lolo.
Turubai ikavuta pumzi, ikatoa.
Delmar akageuka, na pikapu ikageuka naye kidogo;
springi zikasema neno moja, zikanyamaza.

Saa nane usiku:
"Twyla. Ile kodiani."
"Ratili ngapi?"
"Ishirini na mbili."

Gizani, kichwani, nikamwaga galoni tatu za maji.
"Ilete," nikasema. "Mtoni yapo."